Ndoo kumi na moja na omubirizi wa bibi: shajara ya bustani ya dawa uani

Tarehe 14 Septemba

Nimeanza leo, baada ya kusema nitaanza tangu mwezi wa tatu. Kilichonisukuma ni kopo la unga wa mlonge. Shemeji yangu kalinunua stendi elfu kumi na tano, tumelifungua nyumbani unga una rangi ya kahawia kama ugoro na haunuki chochote, wakati majani ya mlonge yakikaushwa vizuri yanabaki kijani kabisa. Na hapa kwetu Kimara mlonge umejiotea kwenye fensi za watu, jirani anaufyeka anachoma, afu sisi tunaenda kuununua kwenye kopo. Nikasema basi, nalima mwenyewe.

Uwanja nilionao ni kipande cha uani nyuma ya vyumba viwili tulivyopanga, hatua nne kwa tatu, na nusu yake ni kamba za kuanikia nguo. Mama mwenye nyumba kakubali kwa masharti: hakuna kuchimba chini, hakuna maji kutuama, na kuku wake hawafungwi kwa ajili yangu. Sawa mama.

Nimenunua ndoo kumi na moja za rangi, zile za lita 20, kwa fundi rangi buku tatu tatu. Matundu chini nimetoboa kwa msumari wa moto. Udongo ni karai mbili za udongo mweusi, moja mchanga wa mto, moja samadi ya mbuzi iliyokaa mpaka haina harufu. Samadi mbichi inaunguza miche, hilo nililijua kutoka kwa miche ya nyanya niliyoiua mwaka juzi.

Tarehe 21 Septemba

Mlonge nimeweka mbegu sita, kina cha pingili moja ya kidole. Mchaichai nimegawa shina la jirani, matatu, nikapunguza majani juu ili usihangaike kuyalisha kabla mizizi haijashika. Tangawizi na manjano nimepanda vipande vyenye macho, hivi ni vya kusahau maana mpaka kuvuna ni miezi minane hadi kumi. Mnanaa nimeupa ndoo yake peke yake, ukichanganywa na wengine unawafukuza wote kama mpangaji mwenye ndugu wengi. Shubiri machipukizi mawili, kivumbasi mbegu za kununua. Mwarobaini sipandi, upo mkubwa pale getini na mtaa mzima unachuma bila hodi.

Ndoo mbili nimeziacha tupu makusudi. Zinasubiri mzigo kutoka kwa bibi yangu Muleba, Kagera.

Tarehe 30 Septemba

Mlonge minne imetoka, siku ya nane. Wa tano katoka leo asubuhi akaliwa na kuku kabla ya saa nne.

Tarehe 6 Oktoba

Hii naandika kwa aibu. Juzi nilikata jani la shubiri, nikamenya haraka haraka, nikasaga na nanasi kwenye blenda nikanywa glasi nzima, maana nilisikia inasafisha tumbo. Imesafisha kweli. Usiku mzima mimi na choo, mke wangu anacheka nje ya mlango ananiuliza kama nimebakiza utumbo.

Asubuhi nikaenda chumba cha mbele kwa bibi mpangaji mwenzetu, mzaliwa wa Lushoto aliyeolewa Tanga mjini akakaa huko miaka mingi. Shikamoo bibi. Marahaba mjukuu wangu, mbona umenywea hivyo? Nikamweleza. Akaniambia nimletee jani lingine. Akalikata chini kabisa penye shina, akalisimamisha kwenye bakuli kichwa juu, sehemu iliyokatwa chini, akaendelea kuchambua mchicha kama vile hana habari na mimi. Baada ya kama robo saa bakulini kuna maji ya njano, mazito kidogo. Akachovya kidole akanipa, aisee, ule msemo wa chungu kama shubiri nilikuwa nausema tu sikuwahi kuuonja.

Kumbe shubiri yenyewe kwa watu wa pwani ndiyo yale maji ya njano, siyo ule ute mweupe wa ndani. Hayo ndiyo ya kuharisha, na zamani wakayakausha yakawa kama utomvu mweusi wakauza. Mama akitaka kumwachisha mtoto ziwa anapaka kidogo kwenye chuchu, mtoto akionja mara mbili tatu anaaga mwenyewe. Ute mweupe baada ya kuchuja na kuosha ndiyo wa kupaka penye kuungua na jua, ngozi kavu, kovu la moto mdogo. Mjamzito hagusi yale ya njano kabisa, bibi alilisema hilo mara mbili akanikazia macho kama mimi ndiye mjamzito.

Kwa hiyo mmea mmoja, jani moja, vitu viwili vinavyofanya kazi tofauti, na ukikosea kumenya umelala chooni. Leo nimenunua daftari. Kila mmea nauandikia vitu vinne: sehemu gani inatumika, inaandaliwaje, kiasi gani, nani asitumie. Kama sijui nafasi inabaki wazi.

Tarehe 19 Oktoba

Mzigo umefika! Bibi yangu mzaa baba aliahidi omubirizi tangu mwezi wa saba, binamu akaukata, akafunga vipande vinane kwenye maganda ya mgomba yaliyoloweshwa, akavipa basi la Bukoba. Nimeupokea stendi ya Magufuli saa tano usiku, kama kilomita 1,400 ndani ya buti pamoja na ndizi na senene za watu. Vitatu vimeoza mwisho mmoja. Vingine bado kijani ukikwaruza gome.

Kwa asiyeujua, omubirizi ni kichaka cha majani machungu, kwa wataalamu ni Vernonia amygdalina, Uganda wanauita mululuza. Kagera kila boma lina mti wake pembeni ya migomba. Tulikua nao, homa ni huo, tumbo ni huo, minyoo ni huo, mpaka utundu ulitibiwa kwa huo, maana tishio la kunyweshwa tu lilitosha.

Nimepanda vipande vya urefu wa rula moja, nimeviinamisha kidogo, macho mawili chini ya udongo na yaliyobaki juu. Ndoo mbili hazikutosha, nikaomba ya tatu kwa mnanaa na mnanaa nikauhamishia kwenye dumu la mafuta lililokatwa.

Tarehe 2 Novemba

Vuli imeanza kwa fujo. Shubiri moja imelainika ikalala kama kambale, maji yamezidi. Nyingine nimeihamishia chini ya bati na nimechanganya mchanga nusu kwa nusu. Shubiri haitaki huruma ya maji.

Kivumbasi nimeuziwa siyo. Mimea imekua, majani mapana laini, nikafikicha nikanusa, utamu tu, ni mrehani wa kawaida. Bibi wa mbele alipouona alifurahi sana, akachuma vishada viwili akasema huu ni wa kuweka kwenye maua ya bibi harusi na kwenye nguo kabatini, siyo wa homa. Kivumbasi chenyewe kina harufu kali inayopanda puani kama karafuu iliyochanganywa na kitu cha dukani, wanakichoma jioni au wanakining'iniza mlangoni mbu wapungue, na majani yanaingia kwenye nyungu. Kesho yake akanitumia mjukuu wake na tawi la kivumbasi halisi, sijui kalitoa wapi. Nimekichomeka kwenye maji, mizizi imetoka ndani ya wiki.

Nyungu yenyewe nimeipa ukurasa mzima daftarini kwa sababu 2020 kila nyumba ilikuwa inajifukiza na kila nyumba ilikuwa na mapishi yake. Ya bibi ni mchaichai, majani ya mlimao, majani ya mpera, mkaratusi na kivumbasi, yanachemka na kifuniko, unajifunika shuka. Inafungua pua, unatoka umelowa na mwepesi. Ila sufuria la maji ya moto ndani ya blanketi na mtoto mdogo ni ajali inayosubiri, hapo nimeandika kwa kalamu nyekundu.

Tarehe 23 Novemba

Omubirizi mitatu imechipua! Nimempigia bibi simu usiku huo huo.

Nikamuuliza basi tuseme imekua, nachemsha dakika ngapi? Akanyamaza, afu akacheka. Akasema nani kakwambia unachemsha? Unachuma majani, unayaosha, unayafikicha kwa mikono kwenye maji baridi mpaka yanatoa povu na rangi ya kijani, unachuja, unakunywa. Kwani mama yako alikuwa akikuchemshia? Nikajaribu kukumbuka. Kweli, nakumbuka povu. Nakumbuka bakuli la bati la bluu na mikono ya bibi imekuwa kijani mpaka kwenye viwiko, na mimi nimeshikwa pua. Moto siukumbuki.

Kiasi je? Anasema konzi ya mkono wako, siyo wa jirani. Mtoto konzi yake, mkubwa konzi yake. Nimeipenda hiyo, ni kipimo kinachokua na mgonjwa, japo sijui konzi ya fundi gereji inaingiaje.

Tarehe 8 Desemba

Vidukari. Mlonge wote umejaa kwenye vikonyo, weusi weusi, na sisimizi wanawachunga kama ng'ombe. Nimetwanga majani ya mwarobaini wa getini nusu ndoo, nikaloweka usiku kwenye maji, asubuhi nikachuja kwa kitenge cha zamani nikaongeza kipande kidogo cha sabuni ya mche ili ing'ang'anie majani, nikapulizia jioni jua likishuka. Siku ya tatu nimerudia. Wamepungua sana. Majani yaliyopuliziwa sichumi wiki nzima.

Mlonge wa ndoo ya pili nimeukata kichwa ukifika kiunoni, ukiuacha utapanda mpaka juu ya bati na majani utayafuata kwa ngazi. Sahivi unatoa matawi pembeni.

Tarehe 11 Januari

Uvunaji wa kwanza wa mlonge. Nimechuma asubuhi, nimeosha, nimetandaza kwenye khanga safi chumbani, dirisha wazi, jua haliyagusi. Siku ya tatu yanavunjika ukiyashika, kijani bado. Nusu kilo ya majani mabichi imetoa unga wa kikombe cha chai tu, sasa naelewa kwa nini yule wa stendi anaanika juani na labda anachanganya na kingine. Tunaweka kijiko kwenye uji wa mtoto na kwenye maharage. Hapa mlonge ni mboga, na mboga nzuri sana. Mambo ya kutibu magonjwa mia tatu nimewaachia wanaouza.

Tarehe 3 Februari

Mtoto kaamka na homa, mwili moto, anatapika. Bibi wa Muleba kwenye simu anasema omubirizi si upo hapo. Bibi wa mbele kashaanza kukusanya majani ya mpera. Mke wangu hakubishana na mtu, kavaa mtandio kambeba mtoto mgongoni kaenda zahanati. Kipimo cha kidole, malaria. Kapewa dawa ya mseto, yaani dawa mbili kwenye kidonge kimoja, vidonge mara sita kwa siku tatu, wakamwambia ampe na maziwa maana dawa hii inahitaji mafuta ili iingie vizuri mwilini. Siku ya pili jioni mtoto anakimbiza kuku.

Nimekaa na hilo usiku. Mtu atasema si ndiyo imeonyesha majani hayana kazi? Sasa mseto umetoka wapi? Nusu yake imetoka kwenye jani. Mchina mmoja mama, Tu Youyou, alipewa kazi ya kutafuta dawa ya malaria, wakapekua maandishi ya tiba za kale. Mmea wa artemisia ulikuwepo kwenye orodha ila majaribio yalikuwa hayaeleweki, mara unafanya kazi mara haufanyi. Akarudi kwenye kitabu cha mganga Ge Hong wa karne ya 4, mle kumeandikwa chukua konzi ya mmea, loweka kwenye maji, kamua, kunywa yote. Kamua! Hakuna moto. Ndipo akashtuka kwamba kuchemsha ndiko kulikokuwa kunaharibu, akatumia njia isiyo na joto kali, 1971 dawa ikapatikana, 2015 akapewa Nobel. Tanzania tumeanza kutumia mseto mwishoni mwa 2006.

Niliposoma ile sehemu ya konzi na kukamua niliinuka nikaenda kuangalia ndoo za omubirizi na tochi ya simu. Siwaambii ni mmea ule ule, siyo, na sidai omubirizi unatibu malaria. Ila bibi yangu hajui kusoma na angeielewa ile sentensi ya Ge Hong kuliko mimi.

Afu Shirika la Afya Duniani lenyewe halishauri mtu anywe chai ya artemisia kwa malaria, kwa sababu kila mmea una kiasi chake cha dawa, ukinywa pungufu vimelea havifi vyote, vinabaki vinajifunza. Kwa hiyo nafasi ya "kiasi gani" kwenye daftari langu siyo urembo. Hata kikombe cha Babu wa Loliondo 2011, watu wamejazana foleni ya magari mpaka Samunge, alikuwa na kipimo: kikombe kimoja, shilingi 500, basi. Mengine ya kikombe kile tusiyafufue.

Tarehe 20 Februari

Bado niko kwenye omubirizi, mnisamehe. Kuna watu wanautumia na hawajawahi kuwasha moto maishani: sokwe wa Mahale, kule Kigoma pembeni ya Ziwa Tanganyika. Novemba 1987 mtafiti Michael Huffman akiwa na Mohamedi Seifu Kalunde, mzee wa Kitongwe anayejua dawa za porini, walimfuata sokwe jike anayeitwa Chausiku. Alikuwa anaumwa, analala lala mchana. Akauendea huu mti, akavunja chipukizi, akamenya gome na majani akatupa, akatafuna ule moyo wa ndani, akafyonza maji machungu na kutema nyuzi. Kesho yake akaanza kula na kutembea kama kawaida. Wenzake walikuwa hawaugusi ule mti. Mzee Mohamedi ndiye aliyesema huo ni dawa, kwao unaitwa mjonso, wanatumia kwa tumbo na minyoo.

Kilichonishika ni ile kumenya. Chausiku naye ana nafasi ya kwanza kwenye daftari, sehemu gani inatumika.

Nimemweleza bibi wa Muleba. Kajibu: hata mbuzi anajua.

Tarehe 17 Machi

Masika. Ndoo zote chini ya bati isipokuwa mchaichai na manjano.

Kuna jambo limetokea wiki iliyopita limenitoa jasho. Mama mmoja wa nyumba ya tatu ana kisukari, kasikia nina mti mchungu, kaja kuomba. Kwetu huku imani ni hiyo, kichungu kinashusha sukari. Nikampa majani, nikamwonyesha kufikicha, sikumuuliza kitu. Siku ya pili saa kumi alasiri mtoto wake kaja mbio. Nimemkuta kakaa chini barazani, kalowa jasho la baridi, mikono inatetemeka, anaongea maneno hayafuatani. Nikamkorogea sukari vijiko vitatu kwenye maji, kanywa, dakika kumi akaanza kunitambua. Kumbe anameza vidonge vyake vya kushusha sukari asubuhi kama kawaida, juu yake kanywa omubirizi glasi mbili, na mchana hakula sababu uchungu ulimkata hamu.

Tulimpeleka kupima, sasa yuko sawa. Sijui kwa hakika ni majani, vidonge au njaa, labda vyote. Ila ile nafasi ya nne, nani asitumie, kwenye ukurasa wa omubirizi ilikuwa wazi tangu Oktoba na mimi nikagawa hivyo hivyo. Nimeijaza: anayetumia dawa za sukari, mjamzito, mtoto mchanga. Na anayekuja kuomba chochote sasa namuuliza kwanza anameza nini. Wengine wanakasirika, wanasema najifanya daktari.

Tarehe 26 Aprili

Kuharisha kwa mke wangu, chai ya majani ya mpera machanga, bibi wa mbele ndiye mtaalamu, na maji ya chumvi na sukari ya pakiti pembeni. Kapona kesho yake, kila mtu anadai dawa yake ndiyo.

Mnanaa umefika kwenye mlango wa choo.

Tarehe 15 Juni

Nimechimbua ndoo ya tangawizi. Nilipanda vipande vitatu, nimetoa kilo moja na robo, vidogo vidogo ila vikali mpaka machozi. Manjano naiacha mwezi mmoja zaidi, majani hayajalala.

Jana bibi wa mbele kapita uani kukusanya nguo mvua isije ikazikuta, akasimama kwenye omubirizi, sasa umenipita urefu. Akasema we mjukuu, huu si tughutu? Kwao Lushoto tughutu wanaukata majani wanafukia kwenye shimo la viazi udongo upate nguvu. Nikamwambia bibi huu ni omubirizi. Akasema tughutu. Nikasema omubirizi. Akachuma jani moja akageuza chini yake, akalipitisha kwenye mdomo, akalitafuna taratibu, uso ukakunjamana wote mpaka macho yakapotea.

"Siyo tughutu," akasema, akatema. "Ila ni ndugu yake. Nikatie kipande."

Nimemkatia viwili, urefu wa rula. Ndoo ya kumi na mbili nimeinunua leo asubuhi kwa yule yule fundi, kapandisha bei, sasa ni buku nne.